Vidole vimeanza kukakamaa, bado anaweza kusomea macho?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako, tabibu aliyeachishwa jeshi kwa ajili ya baridi yabisi, ahangaike kusomea macho au atafute kazi ya ofisini. Wengi hapo juu wamesema ofisini. Mimi ni muuguzi wa thieta (chumba cha upasuaji) ya macho, mwaka wa 19 huu, na nawaomba msimkatishe tamaa mapema hivyo.

Njia hiyo ina mtu aliyeipita. Govindappa Venkataswamy, maarufu kama Dr. V, alizaliwa 1918 kijijini Tamil Nadu, kusini mwa India. Alipohitimu udaktari 1944 aliingia kikosi cha tiba cha jeshi, akafika hadi misitu ya Burma (sasa Myanmar). Alitaka kuwa bingwa wa uzazi, maana binamu zake watatu walifariki kwa matatizo ya uzazi. Mwaka 1948 baridi yabisi ikamtoa jeshini. Alilazwa miezi mingi, hata kalamu ikamshinda kushika, na vidole vikabaki vimepinda maisha yake yote. Uzazi akauacha, akageukia macho. Akajifunza upya kushika kisu, pole pole, kwa vifaa vilivyotengenezwa vimfae mkono wake. Mtu huyo alipasua macho zaidi ya 100,000.

Msiokaa thieta mnadhani kazi hii inataka vidole vya mpiga gitaa. Kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho, mkono wa daktari umeegemea paji la uso la mgonjwa, na vidole vinasogea kidogo sana. Hadubini anaiendesha kwa mguu. Kinachoharibu jicho ni pupa na mkono unaotetemeka. Daktari mmoja niliyemhudumia miaka mingi, gumba lake la kulia lilikuwa halikunji. Kila alfajiri alikuwa analoweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, robo saa nzima, ndipo anakwenda kunawa kwa ajili ya upasuaji. Tukiwa kambi ya macho kijijini, tulimfungua bandeji bibi mmoja aliyekuwa haoni kwa miaka. Kitu cha kwanza kukitazama ni ile mikono iliyokuwa mbele ya uso wake. Akaishika, akauliza, "Mwanangu, nani kakuumiza?" Daktari alitoka nje kidogo, na mimi nikamfuata.

Turudi kwa Dr. V. Alipostaafu serikalini, 1976, alianzisha hospitali ya macho ya Aravind mjini Madurai kwa vitanda 11, pamoja na ndugu zake. Wenye uwezo walilipa, maskini walitibiwa bure. Lenzi za kupandikiza ndani ya jicho zilipokuwa ghali mno, 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, bei ikashuka sana. Alifariki 2006.

Sasa mdogo wako. Yeye ana bahati ambayo Dr. V hakuwa nayo 1948: dawa za baridi yabisi kama methotreksati, zikianzwa mapema na kufuatiliwa na daktari, zinaweza kuzuia viungo visiharibike zaidi. Hilo ndilo la haraka kuliko fomu za chuo, amwone bingwa wa viungo mwezi huu huu. Kisha aombe ruhusa akae thieta ya macho wiki moja, atazame mikono ya wapasuaji jinsi inavyotulia. Akirudi, muulize yeye mwenyewe.