Kwa mnaoanza kuongoza matembezi ya mjini

Ukianza kazi ya kuwatembeza wageni mjini kwa miguu, utatamani kusema kila unachojua. Utakariri tarehe, utapanga vituo ishirini, na ikifika saa ya pili wageni watakuwa wanachungulia simu. Ushauri wangu wa kwanza, na naushikilia kuliko mwingine wote: chagua swali moja, kisha kila kituo kilijibu kwa namna yake. Chakula, miti na majengo vikijibu swali lilelile, mgeni hachoki.

Swali ninalolipenda ni hili: kwa nini mji huu uko hapa na si kwingine? Mara nyingi jibu lina maji ndani yake. Kuna kivuko cha mto, bandari iliyokingwa na mawimbi, au chemchemi isiyokauka. Ukishayataja maji, mengine yanafuata yenyewe, maana soko la samaki, vinu vya kusaga, viwanda vya ngozi, bustani na hata maradhi vilifuata njia za maji.

Tazama mfano wa Broadwick Street, mtaa wa Soho, London, ambayo zamani iliitwa Broad Street. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 eneo hilo. Daktari John Snow alichunguza nyumba walikofia watu akaona wengi walikuwa wakichota maji kwenye pampu moja ya mtaani. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa. Jirani kabisa palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyeugua vibaya: walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Leo pamesimamishwa pampu ya mfano. Hapo umesimama mahali pamoja, na mkononi una historia ya mji, kinywaji cha wenyeji na maji yaliyo chini ya miguu ya wageni. Kituo cha namna hiyo nakipa robo saa bila kusita. Na usiache kusema kwamba mpini ulipong'olewa ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua. Wageni wanakuamini zaidi unapowapa jambo zima.

Kuhusu mazingira, wengi wanaoanza hufikiri lazima wapite bustani kubwa. Si lazima. Miji mingi imefunika mito yake, nayo bado inapita. Ukiona barabara inajipinda bila sababu katikati ya mitaa iliyonyooka, chunguza ramani za zamani. Ray Street, huko Clerkenwell, London, kuna wavu wa chuma barabarani ambao ukiinama juu yake unaweza kusikia mto Fleet ukinguruma chini. Waambie wageni wanyamaze, wainame mmoja mmoja. Hakuna maelezo yako yatakayofikia sauti ile. Seoul nao waliufunika mkondo wa Cheonggyecheon na kujenga barabara ya juu, kisha wakaibomoa na kuufungua mkondo tena mwaka 2005. Sasa watu hutembea kandokando yake wakitoka maofisini.

Chakula ndicho chenye uongo mwingi, kwa hiyo kuwa makini. Utasikia mwenzako anasema Marco Polo, msafiri wa Venice, ndiye aliyepeleka tambi Italia kutoka China. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295, ilhali al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, alishaandika mwaka 1154 kwamba Trabia, karibu na Palermo katika kisiwa cha Sisili, zilitengenezwa tambi nyingi za kusafirishwa nje. Habari ya kweli ni tamu kuliko ile ya kubuni: ndani yake kuna Sisili, Waarabu, ngano na meli. Hadithi za mapokeo nazo zisimulie, ila mwambie mgeni kwamba ni mapokeo.

Sasa suala la usalama, na hapa sina utani. Muulize mgeni habari za mzio siku anapojiandikisha, kisha umuulize tena kabla hamjaanza kutembea. Usisubiri mpaka sahani iko mbele yake. Karanga, ufuta, mayai, maziwa, samaki, kamba na kaa, soya na ngano, vyote vitaje kwa majina, kwa sababu mtu akiulizwa tu "una tatizo lolote?" hujibu hapana. Mzio mkali unaweza kuziba pumzi ndani ya dakika chache, hivyo jua namba ya dharura ya pale mlipo na umuulize mwenye mzio dawa yake ameiweka wapi. Uliza pia wasiokula nyama, wasiokula nguruwe, wasiokunywa pombe, na uwaandalie kitu cha maana, si mkate mtupu. Majani na uyoga wa njiani usiwaonjeshe watu hata kama unadhani unaujua mmea. Wanuse, inatosha.

Mahali penye machungu, kama gereza la zamani, makaburi au soko la watumwa, chakula kisionekane. Hiroshima kuna miti iliyonusurika bomu la atomiki la Agosti 6, 1945, nayo imewekewa vibao. Mbele ya mti kama huo sema machache, kisha waache watu wautazame. Panga vituo vyako ili kati ya mahali pa namna hiyo na meza ya kuonja kuwe na mwendo wa kutosha.

Mengine ni ya mwili. Saa mbili hadi tatu zinatosha. Usianze kusema mpaka wa mwisho amefika, maana huyo ndiye anayehitaji kupumzika zaidi. Jua likuchome wewe usoni, wao walipe mgongo. Wape cha kwanza cha kuonja mapema, kidogo, kabla njaa haijawaondolea usikivu. Jua choo kiko wapi.

Wauzaji wa chakula wanakubeba kuliko unavyodhani. Wapitie kabla, mkubaliane saa ambayo hawana foleni, na walipe bei kamili siku hiyohiyo. Usiingize watu kumi na wawili kwenye kibanda cha watu wanne huku wateja wa kila siku wakisubiri nje. Uliza pia kama mwenyewe angependa kueleza chakula chake. Wengi wanapenda, na wewe hapo kazi yako ni kutafsiri na kukaa pembeni.

Njia nzima itembee peke yako siku ileile ya wiki na saa ileile utakayoongoza, kwa kuwa soko la asubuhi si la jioni. Na mwisho wa matembezi uwe mahali penye viti na usafiri, kwani maswali mazuri huulizwa mkishakaa.