Mafundi Saba, Mkataba Mmoja?

SWALI: Ninafungua karakana ya samani hapa Tanga mjini. Mafundi saba waliokuwa wakifanya kazi pamoja katika karakana iliyofungwa wamenijia, wakitaka niwachukue wote au nisimchukue hata mmoja. Fundi mkuu wao anapendekeza tuandikiane mkataba mmoja mimi na yeye, nimkabidhi malipo ya jumla, kisha yeye awagawie wenzake. Je, utaratibu huu unakubalika?

JIBU: Ndugu msomaji, wazo la kuwachukua wote ninaliunga mkono, ila mkataba wa mtu mmoja kwa niaba ya saba siuafiki hata kidogo.

Nianze na faida, kwa sababu ni kubwa. Mafundi waliozoeana hawana haja ya kutumia miezi ya mwanzo wakisomana tabia. Anayepiga randa anajua ubao uwe na unene gani ndipo mwenzake atoboe matundu ya viungo bila kuupasua, na saidia fundi husogeza gundi na vibanio kabla hajaitwa. Kwa karakana mpya yenye oda za kutimiza, mazoea hayo yana thamani kuliko mashine nyingi.

Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikitambui kikundi kuwa mwajiriwa. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe kila mfanyakazi maelezo ya maandishi, yakiwemo jina lake, kazi yake, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira wake. Huenda fundi mkuu akasema kwamba yeye ni mkandarasi na hao wengine ni watu wake. Lakini watatumia mashine zako, kwa saa utakazopanga wewe, chini ya usimamizi wako. Na kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinayahesabu mambo kama hayo, pamoja na kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu, kuwa dalili za ajira, hata kama karatasi inasema vinginevyo. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, anayeweza kuulizwa ni wewe.

Niliwahi kuitwa kwenye karakana moja iliyolipa kwa mtindo huo. Kila Jumamosi fundi mkuu aliketi juu ya fremu ya kochi isiyotiwa sponji na kugawa noti kutoka kwenye bahasha. Kijana mdogo kuliko wote alipokatwa vidole viwili na msumeno wa umeme, jina lake halikuonekana popote: si kwenye daftari la mishahara, si kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wala kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Hata manamba wa mashamba ya mkonge ya mkoa huu, walioletwa kwa makundi kutoka mbali na kutendewa kwa ukali, kila mtu alikuwa na kipande chake, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi.

Kwa hiyo andika mikataba saba, umlipe kila mmoja moja kwa moja, kwa benki au kwa simu. Michango ya NSSF, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, ipelekwe kwa jina la kila mtu, na makato ya mfanyakazi yasizidi nusu ya michango hiyo. Fundi mkuu mpe cheo cha msimamizi na posho ya usimamizi iliyoandikwa, ili asiwe na sababu ya kuchukua chochote kwa wenzake. Makosa nayo yawe ya mtu binafsi: mmoja akiiba mbao, huwezi kuwafukuza saba.

Kabla ya kusaini, zungumza na kila mmoja faraghani, ukianza na mdogo wao. Muulize alikuwa akipokea kiasi gani kwa wiki. Akisita kujibu, mtajie hapohapo ujira wake mpya, umwandikie, na nakala aondoke nayo.