Barua kwa mwanangu: Hiyo miaka ya kuigiza haijapotea

Mwanangu Rehema,

Sisi huku wazima, baba yako naye anaendelea vizuri. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza: ukianza kuongoza filamu zako mwenyewe sasa, si miaka yote ya kuigiza itakuwa imepotea bure? Na nani atamsikiliza mwigizaji aliyejipa uongozaji?

Nataka umjue Icíar Bollaín wa Hispania, mwigizaji aliyegeuka mwongozaji. Alizaliwa Madrid mwaka 1967, na akiwa bado binti mdogo mwongozaji Víctor Erice alimpa nafasi katika El Sur, filamu ya 1983. Itafute, uangalie pale binti na baba yake wanapokula hotelini. Ukumbi karibu mtupu, na chumba cha pili kuna harusi, muziki unasikika. Binti anamdadisi baba juu ya siri yake, baba anakwepa, mpaka binti anaaga na kumwacha mezani peke yake. Kamera haina haraka kabisa. Binti yule ndiye Icíar. Uongozaji wa namna ile aliuona kwa macho yake, akiwa ndani ya kazi.

Baadaye aliigiza mpiganaji Maite katika Land and Freedom ya mwongozaji Mwingereza Ken Loach, juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Loach alikuwa akishuti hadithi kwa mfuatano wake, na skripti akiwapa waigizaji kidogo kidogo ili wasijue mapema yatakayowakuta. Icíar alimchunguza mzee huyo hadi akamwandikia kitabu. Filamu ile ilitoka 1995, na mwaka huohuo yeye mwenyewe akatoa filamu yake ndefu ya kwanza, Hola, ¿estás sola?, baada ya kujifunza kwa filamu fupi. Kwa hiyo alikuwa akiigiza huku anaongoza.

Kati ya filamu alizoongoza, ninayoipenda kuliko zote ni Te doy mis ojos ya 2003. Pilar anamkimbia mume anayempiga. Usiku anamwamsha mtoto, anakusanya nguo, anafika kwa dada yake, ndipo anagundua kwamba ametoka na ndala za ndani. Analia. Hatujaonyeshwa kipigo hata kimoja, lakini woga wake tumeshauelewa wote. Mimi naamini aliyewahi kusimama mbele ya kamera ndiye anayejua kwamba mwigizaji akipewa kitu kidogo kama zile ndala, machozi yanakuja yenyewe. Filamu hiyo ilipata tuzo 7 za Goya, zile tuzo kubwa za filamu za Hispania, ikiwemo ya mwongozaji bora. Kabla yake mwanamke pekee aliyekuwa ameipata hiyo ni mwongozaji Pilar Miró. Na haikuzuka tu: mwaka 2000 alikuwa ameshatengeneza filamu fupi kuhusu wanaume wanaopiga wake zao.

Basi mama, tamthilia usiiache kwa sasa, ndiyo inayokulipia kodi. Ila ukimaliza sehemu yako usikae kwenye simu. Msogelee mpiga picha, muulize kwa nini kamera ameiweka pale. Omba kukaa na mhariri siku moja, uone sura yako inavyokatwa na kinachobaki. Ile hadithi ya wale ndugu wawili na nyumba ya urithi iandike iwe filamu fupi, dakika kumi zinatosha. Nitumie hata kabla hujaimaliza. Shangazi yako ameshasema nyumba yake ipo, mje mshuti muda wowote.

Mama yako