Mstari wa shule umehama, sisi hatuhami

Shikamoo Mama Mdogo. Kaka, nawe na wote mlioko Kibosho na hapo mjini Moshi, poleni na mvua.

Swali lenu limenifikia. Mnasema mmesikia tunataka kuuza nyumba tuliyonunua juzi tu, mwaka 2021, eti kwa sababu ya shule ya serikali, na mnauliza: Marekani shule si bure? Kaka akaongeza kwamba kama ni hivyo, basi fedha za bati za nyumba ya Mama ndiyo zimeishia huko. Nimeona nijibu wazi, maana tukinyamaza sisi huku, mtabaki kubahatisha.

Shule ni bure, ni kweli. Hakuna ada. Basi la njano linampitia mtoto anayekaa mbali, vitabu anapewa. Hata mtoto ambaye wazazi wake hawana karatasi za kuishi nchini hafukuzwi. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1982. Ila shule huichagui. Inachaguliwa na anuani ya nyumba unayolala. Kuna ramani, na kwenye ramani kuna mstari. Barabara moja ikiwa ndiyo mpaka, watoto wa upande huu wanakwenda shule hii, wa ng'ambo wanakwenda ile. Unaweza kukuta nyumba mbili zinatazamana, vyumba sawa, na moja ikauzwa ghali zaidi kwa sababu ya mstari huo. Kwa hiyo ada ipo, imeingia ndani ya bei ya nyumba na ndani ya kodi ya mpangaji.

Huko Moshi mzazi asiyeridhika na shule ya mtaa wake anajibana, anampeleka mtoto English medium. Basi la shule linampakia alfajiri akiwa bado anasinzia, linamvusha mji mzima, na hakuna anayemuuliza analala Pasua au Majengo. Wanauliza kama umelipa. Hapa wanataka mkataba wa nyumba na bili ya umeme yenye jina lako.

Sasa mstari wetu umehama. Jimbo letu la Maryland lina wilaya za shule 24 tu, karibu kila kaunti na yake, na bodi ya shule ndiyo inayochora ramani. Ya kwetu imeichora upya kwa sababu ya kawaida kabisa: shule zimejaa mpaka watoto wanasomea kwenye madarasa ya kubebeka yanayofanana na makontena, na shule mpya inafunguliwa, kwa hiyo wanafunzi wanagawanywa upya. Wanaokaribia kumaliza wameachwa wamalizie walipo. Mwanangu mkubwa anaingia darasa la 9, mwanzo wa sekondari ya juu, hana kinga hiyo. Shule tuliyoifikiria tangu siku tunanunua nyumba siyo atakayokwenda.

Mama Mdogo, ulisema tutumie anuani ya binamu anayekaa upande ule. Najua umesema kwa upendo, na mimi mwenyewe nililelewa hivyo: nilitolewa Kibosho nikakaa kwa shangazi Majengo miaka minne ili nisome mjini, na hakuna aliyeona ni kosa. Huku ni kosa. Mwaka 2011, huko Akron, Ohio, mama mmoja alikaa jela siku 9 kwa sababu aliwaandikisha binti zake shule ya wilaya nyingine kwa anuani ya baba yake mzazi, yaani babu wa watoto hao. Gavana alikuja kumpunguzia makosa baadaye, lakini jela alishalala. Mimi nafanya kazi kwa leseni ya uuguzi. Siwezi kuichezea.

Basi ikabaki kuhama kweli. Tulikaa mezani na mume wangu usiku baada ya zamu, tukapiga hesabu. Tulinunua riba ya mkopo wa nyumba ikiwa karibu asilimia 3. Miaka iliyofuata ilipanda mpaka ikafika 7, na ukihama unaanza mkopo mpya kwa riba mpya. Chukueni mkopo wa dola 350,000 wa miaka 30: kwa riba ya 3 unalipa kama dola 1,476 kwa mwezi, kwa riba ya 7 unalipa kama 2,329. Deni ni lile lile na nyumba haijaongezeka hata dirisha, ila kila mwezi zinaondoka dola 850 zaidi. Bado hujamlipa dalali, na bado nyumba za upande ule ni ghali kuliko yetu. Hapo ndipo fedha za bati ziliposimama, Kaka. Sikuzila. Nilizizuia kwa miezi mitatu nikiwa sijui tunakwenda wapi, na nilipaswa kukuambia mapema. Samahani.

Lakini siyo hesabu peke yake iliyonibadilisha mawazo. Bodi iliita wazazi watoe maoni. Nikaenda bado nimevaa nguo za kazi. Ukumbi umejaa, ramani iko ukutani kwa rangi, na kila msemaji ana dakika mbili. Saa nyekundu inahesabu kurudi nyuma mbele ya macho yake. Akasimama baba mmoja, mstaarabu, sauti ya chini. Akasema hana tatizo na mtu, ila anaomba watoto wa yale maghorofa ya kupanga wasichanganywe na shule ya mtaa wake, kwa sababu matokeo yatashuka.

Maghorofa hayo nayajua. Tulikaa humo miaka sita tulipofika. Mwanangu alijifunza kutembea kwenye korido ya ghorofa ya pili, akishika ukuta, na jirani kutoka El Salvador ndiye aliyekuwa akinishikia mtoto nikiwa zamu ya usiku. Watoto anaowasema ni wa wafagiaji, wapishi, madereva, wauguzi wasaidizi. Ni sisi.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki: mimi nilikuwa nataka kuikimbia shule aliyopangiwa mwanangu kwa sababu hiyo hiyo, ila sikuisema kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nimeangalia alama tu, zile za 1 mpaka 10 zinazobandikwa kwenye tovuti za kuuza nyumba. Sikuwa nimekanyaga pale hata siku moja. Mahakama ya Juu ilikataza kutenganisha watoto shuleni kwa rangi mwaka 1954. Mwaka 1974, kwenye kesi ya Detroit, ikasema shule za vitongoji haziwezi kulazimishwa kuchanganyika na za mji kama hazikuthibitika kuhusika na ubaguzi. Tangu hapo mwenye uwezo akitaka kujitenga hahitaji sheria, anahama tu. Nami nilikuwa napanga kufanya hivyo, nikiuita mapenzi ya mtoto.

Wiki iliyofuata nikaomba kuitembelea ile shule. Sitawaambia kila kitu ni kizuri. Vyoo vya ghorofa ya chini vilikuwa na kufuli mbili mbovu, na mshauri wa wanafunzi alikiri ana watoto wengi kuliko anaowamudu. Ila nilikaa nyuma ya darasa la hesabu dakika arobaini. Mwalimu, mama wa makamo, alimwita ubaoni kijana aliyekuwa amejikunyata kona, akakosea, akamwachia chaki, akasubiri. Darasa zima likasubiri naye. Akakosea tena. Mara ya tatu akapata, na mwalimu hakupiga makofi, alisema tu, "Sasa waeleze wenzako ulikuwa umepotea wapi." Nikatoka pale nikijua mwanangu, anayeogopa hesabu kama nilivyoiogopa mimi, angekuwa salama kwa mwalimu huyo.

Hatuhami. Mtoto amenuna, rafiki zake wawili wako upande wa pili wa mstari, na sijamlazimisha afurahi. Huenda baada ya mwaka nikaandika kwamba nilikosea. Kwa sasa tumeamua, na mimi nimejiandikisha kwenye kamati ya wazazi ya shule hiyo, kwa kuanzia na kufuli za vyoo.

Kwa wewe mdogo wangu uliyesema unajiandaa kuja na familia: kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, ingia tovuti ya wilaya ya shule, andika anuani, uone shule gani inatoka. Kisha uliza kama ramani inachorwa upya. Sisi hatukuuliza swali hilo la pili. Na nenda ukakae darasani kabla hujaamini namba.

Kaka, fedha natuma mshahara wa mwisho wa mwezi huu. Pita Kiborloni uniulizie bei ya bati za geji 28, siyo 30, maana upepo wa huko juu naujua. Uliza na misumari na usafiri mpaka nyumbani, unitumie jumla. Mwambie Mama asiuze ile ndizi yote ya kule chini, nitakuja Krismasi na watoto, na huyu mkubwa ameshaanza kuuliza kama mtori wa bibi bado ni ule ule.