Mbwa wangu anazika vichwa vya sangara kwenye matuta ya viazi

SWALI: Mwangaluka dokta, na shikamoo. Naishi Igombe, jirani na mwalo wa wavuvi. Tuna mbwa dume wa miaka miwili, Tomi. Mume wangu akileta mapanki (vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki minofu ikishatolewa), Tomi hupewa kichwa kizima, lakini hali. Anakibeba mdomoni, anazunguka uani akilialia, mwisho anakwenda kukifukia kwenye matuta yangu ya viazi. Juzi kafukia hata bonge la ugali. Nimemchapa, hakomi. Sasa jirani anasema mbwa anayechimba karibu na nyumba anamchimbia mtu kaburi, tumfukuze. Watoto wanalia. Nifanyeje?
Msomaji, Igombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la jirani, maana ndilo linaloweza kumlaza njiani mnyama asiye na kosa. Tomi hamchimbii mtu kaburi. Anaweka akiba.

Nikiwa mtoto nachunga ng'ombe upande wa Magu, niliwahi kumwona mbweha akifukia paja la ndama mfu. Alichimba kwa miguu ya mbele, akaliweka paja shimoni, kisha akarudishia udongo kwa pua, si kwa miguu. Anasukuma, anagandamiza, anasukuma tena. Miaka mingi baadaye, nimeshakuwa bwana mifugo, nikamwona mbwa wangu pale Nyegezi akifanya vilevile kabisa, wakati tangu azaliwe hajawahi kumwona mbweha. Mtazame Tomi akitoka kwenye matuta: utakuta udongo puani.

Hakufundishwa na mtu. Babu wa mbwa wetu wote ni wale mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za baridi. Wao leo wanaua mnyama mkubwa, kesho na keshokutwa hawapati kitu. Kinachobaki wanakifukia, kwa sababu chini ya udongo kuna ubaridi, jua halikifikii, na ndege walaji wanaotafuta kwa macho hawakioni. Wewe unayeishi mwaloni unajua kunguru na korongo wanavyofanya kwenye kichwa cha samaki kilichoachwa wazi! Mwenyewe akirudi, pua inamwonyesha mahali.

Kwa hiyo usishangae kwamba hali. Mbwa mwenye njaa humaliza palepale. Tomi anafukia kwa kuwa ameshashiba, au kwa kuwa kichwa ni kikubwa kuliko anachoweza kukimaliza kwa mara moja. Kule kulialia na kuzunguka ni kutafuta mahali pa kuficha, hasa akiona watu wanamtazama. Ukimchapa, atajifunza kujificha zaidi, na pengine kukung'akia siku ukimsogelea akiwa na chakula. Acha fimbo, tafadhali.

Ninachokulaumu kidogo ni kichwa chenyewe. Mifupa ya kichwa cha sangara ina ncha kali, inaweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Chemsha kichwa, chambua nyama, changanya na ugali, mpe kidogo asubuhi na kidogo jioni. Kinachobaki kwenye bakuli kiondoe. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usimpe, inapasuka vipande vyenye makali.

Matuta yazungushie matawi ya miiba, kisha mpe Tomi mahali pake. Mimi nilipanga mawe nyuma ya nyumba (mawe Mwanza hayatushindi), nikamwaga ndani mchanga uliobaki kwenye ujenzi, nikafukia kipande cha ugali mbele ya macho yake. Ilichukua kama wiki mbili. Kila alipogusa bustani ya mke wangu nilimwita, nikampeleka kwenye mchanga wake.

Lipo jambo moja naomba ulishike sana. Siku ukimwona anabeba chakula lakini anashindwa kumeza, taya limelegea, mate yanachuruzika, sauti imebadilika, usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Kichaa cha mbwa kinaweza kuonekana hivyo hivyo. Waondoe watoto, mfungie mahali bila kumshika, mwite daktari wa mifugo. Akimng'ata mtu, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Chanjo ya Tomi iwe kila mwaka. Hujaniandikia kama amechanjwa. Kama bado, ndiyo safari yako ya wiki hii, na dawa ya minyoo mpatie hukohuko.

Vile vichwa vilivyoko kwenye matuta vifukue leo kwa jembe uvitupe chooni, kabla mtoto anayekwenda kuchuma matembele hajakanyaga mfupa.