Analipa, lakini kila mara amechelewa

SWALI: Habari anko. Mimi hukopesha wenzangu kazini, 5,000, 10,000 hivi, na riba kidogo tu. Wengi wako sawa ila kuna mmoja, huyu hulipa yote lakini lazima apitishe wiki mbili tatu, tena kwa vipande, leo mia tano kesho elfu moja, nikimpigia ni "kesho boss". Bado ana 15,000 yangu na anaomba ingine 8,000. Nimkatie ama nimwongezee faini? Msomaji, Nakuru

JIBU: Huyo si mtoro, ni mchelewaji, na dawa zao hazifanani. Hiyo 8,000 usimpe kwanza, maana deni jipya likikalia la zamani hutajua tena ni gani imelipwa, na yeye atajifanya hajui. Halafu toa stetimenti yako ya M-Pesa uangalie pesa zake huingia tarehe gani. Kama ulimpangia tarehe 30 na zake huanza kuingia tarehe 10, pengine hiyo ndio siku huwa na kitu mfukoni (rent na karo zimekula mshahara, sacco nayo ilikata kabla hata hajauona), so sogeza tarehe iwe hiyo 10 na riba ya siku hizo uihesabu mapema. Faini peke yake mimi siiamini sana, mtu wa kuchelewa huiona kama bei ya kuchelewa, analipa na anaendelea tu. Hata LendingClub, kampuni ya mikopo ya mtandaoni ya Marekani, enzi watu wa kawaida walikuwa wanakopesha kupitia kwao, mkopaji alikuwa anapewa siku 15 kabla ya faini, na mkopeshaji angeweza kugawa pesa zake dola 25, dola 25 kwa watu wengi ndio mmoja akichelewa asikwame. Wewe umeweka ngapi kwa huyu mmoja?

Kingine, meseji ya M-Pesa huonyesha ulituma pesa, haisemi ni mkopo. Mwandikie WhatsApp leo, "ile 15,000 niliyokukopesha, tumekubaliana utaimaliza tarehe fulani", akijibu sawa weka hiyo skrinshoti. Kwa grupu ya ofisi usimwanike hata ukiwa na hasira aje, utashtakiwa wewe kwa kumchafulia jina.

Akikataa kabisa kuna Mahakama ya Madai Madogo, husikiza madai mpaka shilingi 1,000,000, wakili si lazima, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Lakini kwa mtu analipa, hata kama ni mia tano mia tano, mimi singeanzia huko.