Kwa mbeba boksi mpya: ile fomu ya 401(k) usiiruke

Siku ya kwanza kazini hapa Marekani utapewa rundo la karatasi: bima, namba ya benki, sare, na katikati yake fomu ya 401(k). Wengi wetu tunairuka. Kuna kodi ya nyumba, kuna hela ya kumtumia mama, kuna mchango wa harusi. Uzee unaonekana uko mbali. Mimi niliijaza nikiwa ghala moja huko Houston, ila sikuielewa, na iliniumiza.

401(k) ni akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato. Kama kodi yako ni asilimia 12, ukiweka dola 100, mfukoni utapungukiwa 88 tu. Makato ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) yanabaki palepale. Faida inazaa humo ndani bila kukatwa kodi, mpaka siku utakapozichukua hizo pesa.

Utamu wenyewe uko kwa mwajiri. Wangu alikuwa anaongeza senti 50 kwa kila dola niliyoweka, mwisho asilimia 6 ya mshahara. Kwa mshahara wa dola 36,000, mimi naweka 2,160 kwa mwaka, yeye anaongeza 1,080. Mdogo wangu, hiyo ni sehemu ya ujira wako. Usipochangia, umemwachia.

Lakini haiwi yako papo hapo, na hapa ndipo nilipoteleza. Uliyoweka mwenyewe ni yako siku zote, hata ukirudi kuishi Dodoma. Ya mwajiri ina masharti ya muda: sheria inamruhusu akungojeshe hadi miaka 3 ndipo akupe yote, au akuachie kidogo kidogo hadi mwaka wa 6. Mimi niliacha kazi baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa sababu ghala la jirani liliongeza dola moja kwa saa. Pesa yote ya mwajiri ikabaki kwake. Sikuwa nimeuliza.

Kisha ikaja barua: unataka tuifanyeje akiba yako? Nikajibu nipeni taslimu. Kwenye dola 3,300 wakakata asilimia 20 ya kodi, nikapata hundi ya 2,640. Aprili, wakati wa kujaza fomu za kodi, nikadaiwa tena, maana anayechukua kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida hupigwa faini ya asilimia 10 juu ya kodi. Akiba ya mwaka na nusu wa kubeba boksi usiku iliishia kwenye matairi ya gari.

Kwa hiyo ukihama kazi, omba pesa ihamishwe moja kwa moja kwenda mfuko wa mwajiri mpya, au akaunti yako binafsi ya akiba ya uzeeni, ile IRA ya kawaida (traditional). Isitoke hundi yenye jina lako. Ukifanya hivyo hakuna kodi wala faini.

Kazi ya pili nilianza na asilimia 3, nikawa napandisha moja kila nilipoongezwa mshahara. Maumivu yake huyasikii sana.

Na jaza jina la mrithi. Ukiwa na ndoa, mrithi ni mwenzi wako kisheria. Kumwandika mama badala yake kunahitaji mwenzi akubali kwa saini iliyoshuhudiwa. Zungumzeni mapema, hata kama yeye bado yuko nyumbani anasubiri viza.